Gitaa Jekundu la Mama Tumpe

Ndugu yangu, weka kazi pembeni kidogo usome hii. Ukimaliza, mtumie yule unayejua ana zawadi ndani kwake anayoiogopa.

Huko Tukuyu alikuwepo mpiga besi wa kwaya, jina lake Asajile. Miaka tisa alipiga gitaa moja jeusi la bei rahisi, lililonunuliwa likiwa limeshatumika. Ubao wake ulikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi, na kitufe cha sauti kilipopotea, Asajile aliweka mahali pake kifuniko cha dawa ya meno. Lakini likianza kuunguruma, hata wazee wa kanisa walitikisa mabega kimyakimya.

Kwenye usharika wa kanisa hilohilo alikuwepo Mama Tumpe, fundi cherehani, mjane mwenye roho ya kutoa. Ule ufa ulimtia aibu. Akajinyima, akanunua gitaa jipya la besi, jekundu, la bei ya kutisha. Likaombewa mbele ya kanisa zima, watu wakapiga vigelegele. Asajile akalipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakuwa na amani.

Lilikuwa zito, bega likamuuma. Shingo ya gitaa ilikuwa nene, vidole havikuizunguka vizuri. Nyuzi zilikaa juu. Alipozishusha zikalia kama bati. Tena aliogopa kulikwaruza! Alivua pete ya ndoa kabla ya kulishika, na kila wimbo ukiisha alilifuta kwa leso. Sasa niambie, mtu anayeogopa kukwaruza atapiga besi saa ngapi?

Kwaya ikaanza kuyumba. Wiki moja kabla ya mashindano ya kwaya, mwalimu wa kwaya akamwita pembeni.

"Asajile, una nini siku hizi?"

"Hamna kitu, mwalimu."

"Basi Jumapili ukipiga hivi, natafuta mpigaji mwingine. Sitaki tuaibike."

Maskini, akarudi nyumbani na maneno hayo. Mkewe akamwambia, "Si urudie lile la zamani?"

"Na Mama Tumpe je? Akae kiti cha mbele aone nimelitupa jasho lake? Mimi siwezi, mke wangu. Siwezi!"

Jumapili ikafika. Jina la kwaya yao likaitwa, wakapanda jukwaani. Asajile amelivaa lile jekundu. Nyuma ya spika, ndani ya kitenge, mkewe alikuwa amemwekea lile jeusi. "La tahadhari tu," alimwambia asubuhi.

Akamtazama Mama Tumpe pale mbele, kilemba kipya, anatabasamu. Akamtazama mwalimu, naye ameshainua mkono. Kufumba na kufumbua akalivua jekundu, akachomoa waya, akalitoa jeusi nyuma ya spika, akalivaa na kuuchomeka.

Ee, jamani! Besi ilipoingia, waimbaji wakageuka kama watu walioitwa kwa majina yao. Kwaya ikasimama imara. Ukumbi mzima ukainuka.

Lakini Mama Tumpe alikuwa hatabasamu tena. Alilikodolea macho lile gitaa jeusi, na kabla wimbo haujaisha, akanyanyuka akatoka nje.

Kwaya ikashika nafasi ya kwanza. Asajile hata hakusikia tangazo. Alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mama Tumpe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Kaa chini kwanza."

Mama akaenda kwenye kona ya sebule, penye meza yenye kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Akaondoa maua, akavuta kitambaa. Chini yake haikuwa meza. Ilikuwa cherehani ya umeme, mpya kabisa.

"Mwanangu Lusajo alinitumia toka Muscat," akasema. "Inakimbia kuliko macho yangu. Siku ya kwanza ilinidunga kidole. Tangu hapo nashonea ileile yangu ya miguu, na kila Lusajo akipiga simu namwambia naitumia hii yake. Miaka miwili namdanganya mwanangu. Leo nilipokuona unabadilisha gitaa mbele yangu, niliona aibu, nikatoka. Aibu yangu mimi, siyo yako."

Palepale akachukua simu, akampigia Lusajo. Akamweleza yote. Kwenye simu kikasikika kicheko cha Lusajo.

"Mama, mbona nilijua zamani? Kila ukiniambia unashona na ile mpya, nasikia pedali ya ile ya zamani inagonga."

"Yesu wangu! Na hukukasirika?"

"Nikasirike nini, mama? Nilikuwa nasubiri tu uniambie."

Mama Tumpe akakaa chini akalia, halafu akacheka, na Asajile naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa ruhusa ya Mama Tumpe, lile jekundu sasa linapigwa na binti wa kwaya ya vijana, mwenye vidole virefu, na linamkaa vizuri sana.

Funzo: Bei ya kitu huamuliwa dukani, lakini faida yake huamuliwa na mkono unaokitumia. Aliyekupa zawadi kwa upendo alitaka ufurahi. Usimlipe kwa hofu na uongo, mwambie ukweli, huenda anausubiri siku nyingi.