Kamba Iliyopita Kwenye Migomba ya Baba

"Kamba ya mpimaji huanzia kwao." Wajukuu zangu, leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia mteja maneno hayo ofisini, mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Elingaya alirudi kijijini kwetu Kilema na cheti cha kupima ardhi, tukafungua ofisi, yeye na mimi. Hakuna aliyetuita. Watu walisema vijana wa mzee Mangowi, baba yetu, watawapendelea ndugu zao.

Mvua za masika zikaporomosha mteremko, zikabeba masale, ile mimea ya mpakani, kati ya kihamba chetu, shamba letu la migomba la urithi, na cha jirani yetu, mjane Ndeshukuru. Baba akapanda mengine kwa kukumbuka tu. Mjane akalalamika kwamba yameingia kwake, kisha, kwa kututega, akamwita Elingaya apime.

Kijiji kizima kilifurika. Tulijua kwamba tukikosea, ofisi imekufa.

Juu yalisalia masale matatu ya zamani. Chini, kando ya mfereji, jiwe la mpaka. Elingaya alishika kamba juu, mimi nikateremka nayo hadi kwenye jiwe. Nilipoikaza, niliona imepita upande wetu, katikati ya migomba ya baba.

"We Eli," akadakia binamu yetu, "hiyo kamba haimjui baba yako?"

"Inamjua," Elingaya akajibu. "Ndiyo maana nimeanzia kwake."

Baba aliitazama migomba yake, akaitazama kamba, akasema, "Chimbeni hapo chini yake."

Tulichimba kwa pupa. Jembe likagota shina nene la sale la kale, limefukiwa na tope, na tayari linachipua! Vigelegele vilipasua bonde.

Baba akachuma jani la sale, akampa mjane kwa mikono miwili. Kwetu hiyo ni kuomba radhi, na jani hilo halikataliwi.

"Shemeji, macho yangu yamezeeka," alisema.

"Na mkungu ulioiva kwenye migomba iliyo kwangu nitakukatia, shemeji," mjane akacheka akilipokea jani.

Kisha baba akamgeukia Elingaya. "Wewe mpimaji, hutaki mtu wa kukubebea vigingi?"

Kabla ya jua kuchwa tulikuwa tumeitwa na koo mbili zilizogombana tangu enzi za babu zao. Baba alitangulia na vigingi begani. Ndiyo maana kibao chetu, hadi leo, kinasomeka Mangowi na Wanawe, na kila mpimaji mpya hapa kwanza hupima kihamba cha baba yake mwenyewe, majirani wakitazama.

Kamba ya mpimaji huanzia kwao.