Mama Aliyetafuta Misuli

Wapendwa, kaeni vizuri mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja, umri umeshavuka hamsini, na mumewe alikuwa amepooza upande mmoja. Miezi saba baba wa watu amelala anatazama dari. Wala hakuomba makubwa. Alikuwa akisema, "Mama watoto, nitoe tu barazani nikaote jua." Na mama hawezi. Akijaribu kumwinua, mgongo unamkatalia, wanaanguka wote wawili kitandani. Anakwenda kulilia jikoni ili mzee asimsikie.

Kila Jumatano akina mama wa jumuiya walifika kumwombea. Kumi na mmoja, na sauti zao mnazijua. "Ee Bwana, mpe mama huyu nguvu!" Wanaomba mpaka jasho linawatoka. Wakimaliza wanakunywa chai, wanashika mikoba yao, hao wanakwenda. Mzee bado anatazama dari.

Siku moja yule mama akajitanda kanga, akaenda kwenye jimu ya mtaani, pale vijana wanaponyanyua vyuma. Mwalimu wa mazoezi akamtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mama. Unataka kupunguza mwili?"

"Marahaba. Sitaki kupunguza, nataka misuli."

"Misuli ya nini tena?"

"Kuna mwanamume nyumbani nataka nimnyanyue."

Weee! Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, ugomvi wa ndoa si mpeleke kwa mchungaji?"

Alipoelezwa vizuri, akaacha utani. Hakumpa chuma. Akampa dumu la maji la lita tano. "Likumbatie kifuani, uchuchumae, mgongo wima, halafu simama kwa nguvu ya miguu. Mara kumi, siku tatu kwa wiki. Na chai kavu ya asubuhi uiache. Kula mayai, kula maharage, kula dagaa. Ukishinda njaa, hiyo misuli itatoka wapi?"

Mama akaanza. Wiki ya kwanza hata kukaa kwenye kigoda ni kilio. Akasonga mbele: lita kumi, lita ishirini, kisha mfuko wa mchanga. Wale akina mama wa maombi wakamwona uani anachuchumaa na dumu lake, wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akamwambia usoni, "Shoga, mzee yuko kitandani, huo mwili unamtengenezea nani?"

Jamani! Neno hilo lilimuuma sana. Lakini kesho yake alilishika dumu tena.

Mwezi wa sita, Jumatano, akina mama hao wanafika na mikoba yao. Wanamkuta nani barazani? Mzee! Amekaa kwenye kiti, jua linampiga usoni, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mungu ametenda! Nani amemtoa nje?"

"Mimi," akasema mama.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kwani mlipoomba nipewe nguvu, mlidhani zitakuja kwa njia gani?"



Ndugu zangu, msigeuke kuwatazama akina mama. Wale ni sisi, na mimi ninayehubiri nimo. Tuliomba apewe nguvu, na zilipoanza kuja tukazicheka! Na hebu hesabuni nami: kila Jumatano mikono ishirini na miwili iliingia nyumba ile. Ishirini na miwili! Kuna hata mmoja uliomshika mzee kwapani? Haukuwepo. Ilikuwa imeshika vikombe vya chai.

Mungu wetu anajibu, kwa hilo sina wasiwasi hata kidogo. Anajibu kwa lita tano. Unaomba uweze kumsamehe jirani yako? Anza na salamu ya kesho asubuhi. Itakuuma, kama miguu ya yule mama ilivyouma, na ikifika mwezi wa sita utashangaa mahali ulipofika. Na ukimwona mwenzako anahangaika na dumu lake dogo, funga mdomo wako, au umsaidie kulijaza.

Jumatano hii tunakwenda kuomba kwenye nyumba ya mgonjwa. Mikoba tuiache nyumbani. Tutahitaji mikono.