Bunduki Aliyoitukana Bata Bukini

Nafungua mkoba!

Fungua tuone!

Kilichomo ni cha kale.

Cha kale hakiozi, kitoe!

Hapo zamani za kale, katika bonde la mpunga la Kilongo, walikusanyika hawa. Mjomba Ngwale bin Mtimbwa, mwindaji, mgonjwa, amelala kitandani. Bi Siwema binti Mtimbwa, dada yake. Mkumbukwa, mwana wa Bi Siwema. Kenge, shahidi. Na Bata Bukini, kwa sababu desturi ya wawindaji ilisema anayewindwa naye aione silaha.

Desturi ilisema tena: mwindaji akichoka, huweka bunduki zake mkekani, mpwa wake achague moja. Mwenye kutoa hasemi neno. Mpwa akikosea, hurudisha akachagua tena. Akikosea mara tatu, bunduki zote hutupwa mtoni.

"Chagua vizuri, mwanangu," akasema Bi Siwema. "Bata hawa wakiumaliza mpunga, tutakula mizizi."

Mkekani palikuwa na gobori refu lenye nakshi, bunduki nzito ya tembo, na bunduki ya marisawa, yaani ya chembe nyingi za risasi, fupi, yenye mitutu miwili, kitako kimechakaa.

Bata Bukini akapiga mbawa, akamwambia Mkumbukwa: "Ah, Bwana Mkubwa! Gobori! Urefu huo, nakshi hiyo! Sisi tukiliona tu, miguu inalegea."

Mkumbukwa akachukua gobori. Alfajiri akajificha shambani. Umande ukalowesha baruti. Akafyatua: fyuu! Bata wakala mpunga.

Akarudi.

"Basi ya tembo, Bwana Mkubwa," akasema Bata Bukini. "Inaangusha tembo, sembuse mimi?"

Mkumbukwa akachukua ya tembo. Alfajiri akafyatua: nguu! Risasi moja ikapita katikati ya kundi, isiguse hata unyoya. Teke la bunduki likamlaza matopeni. Bata wakacheka, wakala mpunga.

Akarudi, bega limevimba. Mjomba Ngwale akamtazama, midomo ikamcheza, lakini hakusema neno.

"Rudia gobori, Bwana Mkubwa, ukaushe baruti," akasema Bata Bukini. "Hiyo fupi iache. Mchi wa bibi kizee huo! Utachekwa mpaka ng'ambo ya mto."

 Mkumbukwa akamgeukia Kenge. "Mzee Kenge, nishauri."

"Mimi shahidi, sishauri," akajibu Kenge. "Ila huyu anayekushauri, najua anakula wapi."

Mkumbukwa akainua ile fupi. Ikakaa begani kama iliyopimwa kwake. Jicho na mtutu vikaonana. Akaijaza marisawa ya chembe kubwa, kwa kuwa manyoya ya bata bukini ni mazito. Alfajiri akangoja kundi liruke, lisogee karibu. Pu! Pu! Chembe zikatawanyika kama mbegu mkononi mwa mpanzi. Bata watatu wakaanguka, Bata Bukini wa kwanza. Waliosalia wakavuka mto, wasirudi.

Bi Siwema akapika. Mjomba Ngwale akanywa mchuzi, akasema, kwa kuwa sasa aliruhusiwa, "Mpwa wangu, bunduki ya bata ni ile bata anayoitukana."

Wakacheka wote, hata Kenge.

Mafunzo ni haya: silaha huchaguliwa kwa kazi yake na kwa bega la mbebaji, si kwa nakshi wala kwa kishindo. Na mshauri akija, tazama kwanza anakula wapi.

Mkoba naufunga, aliyesikia abebe chake.

Mpunga ulivunwa wote. Mjomba Ngwale bin Mtimbwa alifariki siku ya kwanza ya mavuno.