Hodi ya Bi Somoe

Mji mmoja mkubwa ulijenga ghorofa kwa ajili ya wazee wasio na kitu, na kodi ukaishusha hadi mtu anayekula kwa shida aimudu. Bi Somoe aliandikisha jina, akangoja miaka tisa. Alikuwa amefanya kazi za ndani kwa watu miaka arobaini, akilala vyumba vya uani, na hakuwahi kuvuka kizingiti bila kubisha hodi na kukaribishwa. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyodumu kazini.

Siku moja akaitwa. Akapewa ufunguo na sharti moja tu: aliyepewa chumba asipohamia ndani ya siku saba, chumba atapewa anayefuata, maana wanaongojea ni wengi. Akashukuru hadi akalia. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akatia ufunguo, mlango ukakubali. Akasimama pale pale, akasema hodi. Kimya.

Msicheke. Akabisha mara ya pili na ya tatu, na mila mnaijua: hodi tatu bila jibu, mgeni hurudi alikotoka. Bi Somoe hakuwa na pa kurudi. Akaurudisha mlango taratibu, akaketi koridoni juu ya furushi lake, akawaza pengine mwenyewe ametoka kidogo.

Kesho yake akabisha tena, na keshokutwa. Akili ikamvurugika. Ufunguo anao, jina lake limeandikwa mlangoni, na bado hajui ndani mna nani. Kuuliza aliogopa, asije akaonekana hana shukrani. Jirani yake, Mzee Nandonde, alimpa uji kila asubuhi, akidhani bibi wa watu anapenda tu upepo wa koridoni. Siku zilikuwa zinakwisha naye alizijua, na aliogopa kukikosa chumba, lakini mguu haukuinuka.

Siku ya saba akaja msimamizi wa jengo. Akachungulia ndani: godoro bado limo katika nailoni yake, sakafu haina hata unyayo. Bi Somoe akamweleza kwamba amebisha siku zote hizo na hakuna aliyeitika. Msimamizi akairudisha kalamu yake mfukoni.

"Bibi," akasema, "wa kuitika ni wewe."

Hakuelewa. Alivua viatu, akaingia kwa sababu ameambiwa, akaketi ukingoni mwa kitanda juu ya ile nailoni, mgeni kama wageni wote. Jioni Mzee Nandonde akaja kufuata bakuli lake la uji, akabisha hodi. Bi Somoe akageuka kumtafuta mwenye nyumba aitike. Hakuona mtu. Basi akafungua kinywa, akasema karibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua akalia.

Nanyi mliokwisha kupewa ufunguo, mnaokaa kwa adabu nje ya mlango wenu, mnamngoja nani aitike?