Keki ya Mama Nanzia

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu za kupapasa zilishapanda hadi milima ya Upare, aliishi mama mmoja aitwaye Nakijwa. Mama mkwe wake, Bibi Elieshi, alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Kwa mwaka mmoja na miezi minane bibi hakumeza kitu ila kwa mkono wa Nakijwa. Akilishwa na mwingine, anapaliwa. Akipaliwa, nyumba nzima inapiga magoti.

Basi binti wa Nakijwa, Nanzia, akachumbiwa. Sherehe ya kumuaga ikapangwa Jumamosi mchana, ukumbini, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Nakijwa akasema, "Nendeni. Mtaniletea picha." Nanzia akajifungia chumbani, akalia hadi kope za bandia zikabanduka, na zilikuwa za majaribio tu.

Jumatatu akaja muuguzi wa kwanza, Sista Tusekile, anayesomea shahada ya uzamili. Alibeba dodoso la maswali hamsini na mawili kuhusu ustawi wa walezi wa nyumbani. Nimepita chuo, nayajua madodoso: yanakuuliza kama una furaha, halafu yanakupa visanduku vitano uchague.

"Usingizi wako ukoje, Mama Nanzia?"

"Nashukuru."

"Na mgongo?"

"Nashukuru."

"Hasira je?"

"Nashukuru, mwanangu. Andika nashukuru kote, ukapumzike."

Swali la thelathini na moja: mara ya mwisho ulitoka lini kwa jambo lako mwenyewe? Nakijwa akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika ukuta. Akacheka hadi Bibi Elieshi naye, pale kitandani, akacheka kwa nusu ya mdomo. Kisha akasema, "Jumamosi mwanangu anaagwa, nami sitakuwepo."

Kanuni ya utafiti ilisema: weka tiki, usiingilie. Tusekile akalifuta jina la Nakijwa kwenye utafiti wake, akashuka mbio zahanati kusema.

Jumanne akaja wa pili, Sista Kokushubira wa zahanati, mwenye mikono ambayo sindano yake huisikii. Akamtazama Nakijwa akilisha.

"Mama, unamlisha amelala chali. Hata mimi ningepaliwa. Wewe umeshajua kumvizia, wenzako hawajui."

Akamketisha bibi, mito mgongoni, kidevu chini, uji mzito, kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu. Bibi akameza. Akalishwa na shemeji, akameza. Akalishwa na jirani wasiyepatana naye, akameza, ila alimkazia macho.

Likabaki jambo moja. Shemeji alikuwa anakwenda sherehe, jirani alikuwa anakwenda sherehe, kitongoji kizima kilishashona sare. Nani abaki na bibi? Hapo akaja wa tatu, Nesi Mhina. Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, naye ndiye golikipa wa timu ya wauguzi, na siku hiyo ilikuwa fainali. Akasema, "Nitabaki." Timu ikafungwa tisa.

Nakijwa akaingia ukumbini akicheza, vigelegele vikamtangulia. Sasa mnajua mambo ya keki za shukrani: unayeshukuriwa unaitwa, unakuja ukicheza, unalishwa mbele ya watu. Keki zikaenda kwa wakwe, kwa mashangazi, ikabaki moja. Mshereheshaji akasoma karatasi ya Nakijwa: "Hii ni ya muuguzi aliyenifikisha hapa. Apite mbele."

Wakainuka wawili. Wote wanacheza. Wakakutana mbele ya keki.

Tusekile akasema, "Nisingeuliza, mama angekuwa anashukuru mpaka leo. Na msimamizi wangu wa utafiti haongei nami."

"Kuuliza kumemlisha nani?" akasema Kokushubira. "Ni mikono hii."

"Mikono hiyo ilifika kwake kila mwezi, mwaka mmoja na miezi minane. Ikapima presha, ikaondoka."

"Sikuambiwa."

"Hukuuliza."

Ukumbi ukaguna. Simu ya Nanzia, iliyokuwa wazi tangu mwanzo ili bibi aone sherehe, ikatoa sauti; kiooni alikuwa Mhina, uji hadi kwenye kola.

"Samahani, dada zangu, nawasikia. Swali zuri, ufundi mzuri. Lakini mimi nikitoka hapa sasa hivi, Mama Nanzia inabidi ageuze gari."

"Na unamlisha kwa ufundi wa nani?" Kokushubira akauliza.

"Wako, Sista. Ila aliyetemewa ni mimi. Mara tatu. Nimemwimbia tenzi zote ninazozijua."

Nyuma yake ikasikika sauti nzito ya bibi, neno moja moja: "Hajui. Kuimba."

Mshereheshaji akachukua kisu akate mafungu matatu. Shangazi mkubwa akamshika mkono. "Keki ya shukrani hailiwi kwa mafungu, baba. Ukiigawa, inakuwa vitafunwa."

Wote wakamgeukia Nakijwa. Muziki ulikuwa unarudiwa kwa mara ya nne, naye ameshika uma, bado anacheza palepale kwa mabega, maana hakuna aliyemwambia aache.

"Nilipoandika nilikuwa na mmoja moyoni," akasema. "Sasa nimewasikia, nimepotea."

Nyie mnaonisikiliza, msinijibu kwamba wote ni timu moja. Hilo ni jibu la semina. Keki ni moja, uma ni mmoja, mama anangoja. Aliyeuliza, aliyefundisha, au aliyebaki: je, ni nani aliyestahili kulishwa?