Mstari wa Jirani Kwenye Daftari la Kodi

Wapendwa, najua wiki hii wengi wenu mmeletewa ile karatasi ya kodi ya jengo. Nyingine naziona hata hapa, zimekunjwa ndani ya vitabu vya nyimbo. Basi kabla hatujaomba, nawasimulia habari ya mtu aliyeletewa karatasi kama hiyo, katika mji wa milimani wenye baridi kama huu wetu. Tumwite Baba Lusekelo.

Baba Lusekelo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya ghorofa, vyumba saba, imezungushiwa ukuta wa matofali. Alikuwa mjane, mke wake amefariki miaka mingi nyuma, watoto watatu amewalea mwenyewe mpaka wamemaliza shule. Mwaka ule karatasi yake ilisema kodi imepanda karibu nusu. Akakasirika. Akaenda kwa rafiki yake mmoja, mstaafu wa idara ya ardhi, akamwekea karatasi mezani.

Yule mstaafu akamwambia, "Usipoteze muda kulalamika. Umepewa siku thelathini za kuweka pingamizi. Chukua futi kamba, pima nyumba yako mwenyewe, uone kama wamekuandikia ukubwa usio wako. Hesabu vyumba. Kama kuna nyufa au unyevu, piga picha. Halafu ukifika ofisini omba wakufungulie daftari la uthamini, ulinganishe na nyumba za jirani. Ukikuta wewe umepandishiwa zaidi ya wenzako, hapo una hoja."

Huo ni ushauri mzuri, ndugu zangu, na mimi nawapa bure. Kudai haki yako kwa njia ya halali si dhambi.

Baba Lusekelo akafanya kazi hiyo kwa bidii. Akapima kila chumba. Akapiga picha ya ufa ulio nyuma ya tangi la maji, na ya rangi inayobanduka bafuni. Yeye ambaye kila mgeni akija humtembeza juu na chini kumwonyesha uzuri wa nyumba, sasa akawa anatafuta ubaya wake kwa tochi. Mnacheka? Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Siku ya ishirini na tisa akaingia ofisini. Karani alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani. Akapokea fomu, akafungua daftari kubwa, akasoma kwa sauti.

"Kiwanja namba thelathini na sita. Nyumba ya vyumba viwili, matofali ya udongo, bati chakavu, haina umeme."

Baba Lusekelo akasema, "Samahani, mama, hiyo si nyumba yangu."

"Jina ni lako. Namba ni yako. Yako ikoje?"

Ndugu zangu, ninyi mngejibu nini? Maana Baba Lusekelo alishaelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akitozwa kodi ya kibanda. Na hata ile nyongeza aliyokuja kuilalamikia ilikuwa nyongeza ya kibanda. Akauliza polepole habari ya kiwanja cha jirani, "Namba sitini na tatu je?"

Karani akafunua kurasa. "Ghorofa, vyumba saba, ukuta wa matofali, banda la gari. Mwenye nyumba ni Mama Tusekile."

Mama Tusekile alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mjane naye, anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, anaishi katika vyumba viwili vya matofali ya udongo. Daftari lilipoandikwa upya, miaka kumi na moja nyuma, mtu fulani aligeuza tarakimu. Na tangu siku hiyo mama yule, mwenye taa ya mafuta, alikuwa akilipia ghorofa.

Karani akamtazama. "Nipokee pingamizi lako, au?"

Baba Lusekelo akamwomba dakika chache. Akatoka nje, akasimama kwenye uwanja wa ofisi na picha zake mkononi. Hakuna aliyejua. Angeweza kuondoka, akarudi nyumbani, na maisha yangeendelea vile vile. Nataka mjue kwamba alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kabisa. Kisha akarudi ndani, akachana fomu yake, akasema, "Ghorofa ni yangu. Iandike kwenye mstari wangu. Na cha kudaiwa nitadaiwa."

Alipokuwa akisema hayo, alijiona mtu mwema. Na alikuwa mwema, tusimnyime. Lakini sikilizeni.

Karani akachukua kalamu ili asahihishe, mkono ukasimama. Pembeni ya mstari wa namba sitini na tatu palikuwa na maandishi madogo ya karani aliyemtangulia, ya miaka tisa iliyopita. Akaligeuza daftari Baba Lusekelo ajisomee. Yalisema: "Mwenye nyumba amefika, ameonyeshwa kosa. Ameomba libaki hivyo kwanza."

Baba Lusekelo aliyasoma mara tatu. Hakwenda dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Tusekile, akamkuta ameinamia mashine yake, nyuzi za kijani zimemjaa miguuni.

"Mama Tusekile, nimetoka ofisi ya kodi."

Mama akaacha kufuma. "Karibu kiti, Baba Lusekelo."

Hakukaa. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba unalipia nyumba yangu, na ukanyamaza?"

Mama akasema, "Niliwaendea mwaka wa pili, nilipoona kiasi kimenizidi. Karani akanionyesha. Akaniambia, tukiitoa ghorofa kwako, itakwenda kwa mwenyewe, na malimbikizo juu yake. Ulikuwa mwaka ule mkeo amelazwa, na wewe umeanza kuuza mabati ya dukani kwa hasara ili upate dawa. Nikasema waiache kwanza. Baadaye mkeo akafariki. Kila nikitaka kurudi kule, naona wale watoto wako wanapita hapa kwenda shule."

"Lakini mama, wewe ulikuwa na nini cha kulipia?"

"Niliuza ng'ombe. Na masweta yapo. Mimi nilikuwa naweza kidogo kidogo. Wewe mwaka ule ulikuwa huwezi."

Ndugu zangu, Baba Lusekelo alikaa, wala si kwenye kiti. Alikaa chini, juu ya zile nyuzi, mtu mzima mwenye duka, asijue mikono yake aiweke wapi. Alizungumza habari ya kumrudishia, miaka yote, mpaka shilingi ya mwisho. Mama akakataa. Alisema alichotoa alishakitoa. Baba Lusekelo aliniambia kwamba alipotoka pale aliitazama nyumba yake mwenyewe akaiogopa, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kujua, akaishi humo miaka tisa, akala, akalala, akacheka.

Na sisi? Sisi tunaokuja mbele za Mungu na pingamizi zetu, kwamba mzigo wetu umezidi, kwamba wengine wamependelewa? Tunakuja na picha za nyufa zetu. Daftari likifunguliwa mbele yetu leo, tutakuta nini? Tutakuta tumeandikiwa kidogo mno. Tutakuta kilicho chetu kiko kwenye mstari wa mwingine, naye alionyeshwa, akajua ni kosa la nani, akasema liachwe hivyo. Alilipa akiwa anatuona tukipita. Nikifikiri jambo hili, wapendwa, hata mimi niliyesimama hapa juu nakosa pa kuweka mikono yangu.

Kesho nendeni ofisini. Pimeni nyumba zenu, wekeni pingamizi kabla siku hazijaisha, aliyezidishiwa apunguziwe. Ila karani akishafungua daftari, msisome mstari wenu peke yake. Mwombeni awasomee na wa jirani.

Tusimame tuombe.