Mlango wa Uchochoroni

Atazamaye mlango wa mwenzake, wake huufungua pabaya. Mnauliza maneno haya yametoka wapi, wanangu? Yametoka ukutani, nyuma ya yale maduka ya Mji wa Kale. Ilikuwa hivi.

Fundi Shekuwe alikuwa akitindua ukuta apate pa kuweka mlango, vumbi la chokaa limemjaa nyusi. Wazee wa mtaa walikubali maduka yajengwe kwa sharti moja: yafanane na nyumba kongwe. Yakiuchukiza mtaa, hayafunguliwi. Upande wa mbele alipewa Fundi Mselem, Shekuwe akapewa wa uchochoroni.

Mselem alikwisha kusimamisha mlango wa nakshi, na baraza pembeni. Wapita njia walisimama. "Utadhani wamejenga babu zetu!"

Kila sifa ilimwasha Shekuwe kama upupu. Si walijifunza kazi pamoja? Akaenda kwa siri kuupima mlango ule kwa kamba, akarudi kuuchora wake uwe mpana zaidi. Pale pembeni alipopachagua mwanzo hapakutosha. Akausogeza katikati ya ukuta.

Jiwe la mwisho lilipoanguka, ng'ambo ya uchochoro palikuwa na mlango wa Bi Mwanakombo, u wazi. Ndani, uani, binti zake walikuwa wakisukana, vichwa wazi. Wakapiga kelele, wakakimbia.

Bi Mwanakombo akatoka akijitanda kanga. "Mwanangu Shekuwe, duka umelijenga sokoni au uani kwangu?"

"Nisamehe, mama. Sikuona."

"Hukuona! Mtaa mzima milango imepishana, haitazamani, nawe umezaliwa hapa hapa. Ulikuwa ukitazama nini?"

Shekuwe aliikunjakunja kamba mkononi. "Mlango wa Mselem."

"Basi umekuleta kwangu. Wazee wakiliona tundu hili, hafungui mtu duka hapa."

Mselem, aliyesikia makelele, akaja na karai la chokaa. "Mwenzangu, nipe jiwe." Hata msaada ule ulimuuma Shekuwe, mawe ya Mselem yalikaa sawasawa upesi kuliko yake. Lakini alimpa.

Jua lilipozama, ukuta ulikuwa umewafika kifuani. Bi Mwanakombo akatundika shuka kuziba palipobaki. "Hapo juu ni pa kesho. Na mlango wako, kesho uuanze pembeni."

Shekuwe alirudi kwao kwa njia ya mbele. Alipofika penye mlango wa nakshi aliinamisha macho, akahesabu vidole vya miguu yake mpaka akaupita. Bi Mwanakombo, aliyekuwa akimchungulia kutoka kona ya uchochoro, akacheka kidogo.

"Ndiyo hivyo, baba. Atazamaye mlango wa mwenzake, wake huufungua pabaya."